Dodoma na London mvua ni karibu sawa: mbona huku vumbi, kule majani mabichi?

Swali la msomaji: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika sekondari moja hapa Dodoma. Wiki iliyopita nilikuwa nawafundisha kidato cha pili kuchora grafu za hali ya hewa, mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, London wanapata kama milimita 600 kwa mwaka, sisi 570. Mbona mjomba wangu aliyeko kule anasema mvua haikatiki na majani ni mabichi mwaka mzima, halafu sisi tunaitwa nusu jangwa?" Nikamweleza habari za joto, lakini moyoni nilijua sijamjibu. Kabla sijavuta pumzi mwingine akadakia: Kisangani ya Kongo na Wajir ya Kenya zote ziko jirani na ikweta, mbona moja ni msitu na nyingine vichaka vya miiba? Nimewaahidi jibu Jumatatu. Nisaidie.

Jibu: Mwalimu, salamu. Huyo wa kwanza usimpoteze, ana jicho. Watu wengi hupita juu ya swali lake kwa sababu wamekwisha kukariri kwamba mvua nyingi ni msitu na mvua chache ni jangwa. Tarakimu zake ni sahihi. Hizo milimita thelathini zinazotutenganisha na London ni mvua ya alasiri moja tu ya Januari hapo kwenu.

Anza na maana ya milimita yenyewe, maana wanafunzi huichora tu bila kuiona. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Kwa hiyo kila mita mraba ya Dodoma inapokea lita 570 kwa mwaka, na ya London lita 600. Hayo ndiyo mapato. Lakini nani anamjua tajiri kwa kuangalia mshahara peke yake? Uliza na matumizi: maji mangapi yanarudi hewani kwa jua, upepo na pumzi ya majani. Halafu uliza mshahara unaingiaje, kidogokidogo kila wiki, au wote kwa mkupuo mmoja na baada ya hapo miezi saba ya ukata.

Twende kwenye mkupuo kwanza. Dodoma zaidi ya robo tatu ya mvua yote huanguka kati ya Desemba na Machi. Kuanzia Mei hadi Oktoba ni kama hakuna kitu. Na hata ndani ya hiyo miezi minne mvua haiji kwa upole. Unaijua alasiri yenyewe: asubuhi jua kali, mchana mawingu yanajikusanya, saa tisa na nusu upepo wa baridi unapiga, vumbi linatangulia, ndipo inashuka. Nilipokuwa kijana wa kusoma vipimo kituoni, nilifungua kopo la kupimia mvua saa tatu asubuhi nikakuta milimita 62, na mvua yenyewe jana yake haikudumu hata kwa muda wa saa mbili. Zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mvua ya mwaka, mara moja! Ardhi iliyopigwa na jua tangu Mei imeshaota ganda, maji hayapati pa kupenya, yanakimbilia korongoni. Korongo ambalo asubuhi lilikuwa njia ya mbuzi linapitisha maji ya rangi ya chai ya maziwa, na kesho yake mchana umebaki mchanga wenye nyayo za watoto. Kitabuni zimeandikwa milimita 62. Mizizi ya mtama imepata ngapi? Pengine ishirini.

Kule kwa mjomba ni rasharasha. Siku zenye mvua ya kupimika London ni takribani 110 kwa mwaka, hapo kwenu ni kama nusu ya hizo. Hakuna mwezi wa London usio na mvua. Kila mmoja una kati ya milimita arobaini na sabini hivi. Ndiyo maana mjomba anasema haikatiki. Hasemi uongo, ila anahesabu siku, na mwanafunzi wako anahesabu lita. Mtu anayelowana koti mara mbili kwa wiki ataapa kwamba mvua yake ni nyingi kuliko ya Dodoma.

Sasa matumizi. Hapa nakushauri uache ubao, utoke nao nje. Chukua beseni pana, litie maji, weka alama ya kina, liache uwanjani mahali ambapo kuku hawafiki, mpime kesho yake saa ileile. Mkifanya hivyo mwezi wa kumi, msishangae kukuta maji yameshuka milimita saba au nane kwa siku moja. Piga hesabu ya mwezi, kisha ya mwaka, ukikumbuka kwamba kuna miezi jua linapungua makali. Utaona kwamba jua la Dodoma lina uwezo wa kunywa zaidi ya mara tatu ya mvua inayonyesha. London iko nyuzi 51 kaskazini. Desemba mchana wao una urefu wa saa nane tu, jua linatambaa chini karibu na upeo wa macho, na beseni lako lingekaa wiki nzima bila kupungua cha kuonekana. Maji yaliyoanguka Novemba bado yamo ardhini Februari, na hayo ndiyo yanayolea majani ya mjomba.

Mtu aliyegeuza wazo hili kuwa kanuni ni Wladimir Köppen, aliyezaliwa St. Petersburg mwaka 1846 na kufanya kazi miaka mingi Hamburg. Alianza na mimea. Aliona kwamba mimea inajua hali ya hewa kuliko kopo la mvua, kwa sababu inaishi humo mchana na usiku. Akatoa ramani ya kanda za joto mwaka 1884, akatoa mgawanyo wake mkubwa mwaka 1900, na akaendelea kuurekebisha hadi uzeeni. Baadaye Rudolf Geiger akauendeleza, ndiyo maana vitabu vingi huandika majina yao pamoja. Herufi mnazozikuta kwenye atlasi, Af, Aw, BSh, Cfb, ni zake.

Kwa kundi B, yaani nchi kavu, Köppen hakuweka kiwango kimoja cha mvua kwa dunia nzima. Kanuni inayotumika leo inasema hivi: chukua wastani wa joto la mwaka kwa nyuzi za Selsiasi, zidisha kwa 20. Kama asilimia 70 au zaidi ya mvua huanguka kwenye nusu ya mwaka yenye joto, ongeza 280. Kama imesambaa mwaka mzima, ongeza 140. Kama asilimia 70 huanguka kwenye nusu ya baridi, usiongeze kitu. Jibu ni kiwango cha chini cha mvua ambacho mahali hapo panatakiwa kufikisha ili pasiitwe pakavu. Ukishindwa kukifikia lakini umevuka nusu yake, wewe ni nusu ukame. Hata nusu hukufika? Jangwa.

Fanya nao ubaoni. London wastani wa joto ni kama nyuzi 11: 220, ongeza 140, ni 360. Wana 600, wamepita kwa mbali. Dodoma nyuzi 23: 460, ongeza 280, ni 740. Mna 570, hamkufika. Nusu ya 740 ni 370, mmeivuka. Basi Dodoma ni nusu ukame, BSh, na mtoto wako amepata jibu kwa tarakimu zake mwenyewe.

Usiishie hapo, waletee na Cape Town. Uwanja wao wa ndege hupata takribani milimita 500 kwa mwaka, pungufu kuliko Dodoma. Lakini mvua yao huja wakati wa baridi, Mei hadi Agosti, jua likiwa limelegea. Nyuzi 17 mara 20 ni 340, hakuna cha kuongeza. Wanapita. Ndiyo maana kandokando ya mji ule kuna mashamba ya ngano na mizabibu ya tangu karne ya 17. Hiyo ni hali ya hewa ya Mediterania, sawa na ya Aljeria ya pwani, Lebanoni na Kalifonia. Sasa waulize: kama mvua ya Dodoma ingekuwa ileile 570, joto lilelile, ila inanyesha wakati wa kipupwe, kiwango kingekuwa ngapi? Ni 460, na Dodoma ingetoka kwenye orodha ya nchi kavu bila kuongezewa hata tone.

(Nikiri kitu kati yetu wawili: hiyo 280 ni makadirio ya mtu aliyezoea nchi ambazo baridi ni baridi kweli. Dodoma tofauti ya mwezi wa joto na wa baridi haizidi nyuzi tano au sita, kwa hiyo adhabu hiyo ni kali mno kwetu. Mmarekani Thornthwaite mwaka 1948 alileta njia ya kuhesabu mapato na matumizi ya maji mwezi kwa mwezi, ambayo mimi naipenda zaidi, ila kwa kidato cha pili itawachosha.)

Ukitaka kuwashtua, wape Yakutsk, kule Siberia. Inapata kama milimita 240 kwa mwaka. Lodwar, Kenya, inapata kama 200. Lodwar ni mchanga, mawe na migunga. Yakutsk imezungukwa na misitu isiyoisha! Wastani wa joto la mwaka huko ni kama nyuzi 9 chini ya sifuri, kwa hiyo ukiingiza kwenye kanuni kiwango hakizidi milimita 110. Isitoshe ardhi ya chini imeganda, maji hayapotei kwenda chini. Lodwar wanaishi kwenye nyuzi 29. Kiwango chao kinapita 700. Na katikati ya Antaktika mvuke unaoanguka kama theluji, ukiyeyushwa, haufiki milimita 50 kwa mwaka, lakini bara lile ndilo lenye barafu nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote duniani. Kinachoingia ni kidogo, kinachotoka ni karibu hakuna, na hesabu imeendelea hivyo kwa mamia ya maelfu ya miaka.

Makundi mengine yapitie haraka, kwa sababu yanafuata joto zaidi. A ni tropiki, kila mwezi nyuzi 18 au zaidi: Dar es Salaam, Kisangani, Mtwara. C ni joto la wastani: London imo, na wanafunzi watabisha ukiwaambia Nairobi nayo imo, kwa sababu ya mwinuko wake Julai inashuka chini ya 18. D ni baridi ya bara, Urusi na Kanada. E ni barafu, na kilele cha Kilimanjaro kinaingia humo bila viza.

Sasa yule wa Kisangani na Wajir. Swali hili naona ni gumu kuliko la kwanza, na vitabu vya shule vimelikwepa. Vinasema: ikweta jua ni kali, hewa inapata joto, inapanda, inapoa, mvuke unageuka matone, mvua inanyesha. Hewa hiyo ikishamwaga maji yake husafiri juu kuelekea kaskazini na kusini, na inaposhuka karibu na nyuzi 30 inakandamizwa, inapata joto, mawingu yanayeyuka. Ndipo tukapata Sahara, Arabia na Kalahari. Ni kweli. Kwa Kisangani, nusu nyuzi tu kutoka ikweta, mambo yako hivyohivyo: zaidi ya milimita 1,600 kwa mwaka na hakuna mwezi mkavu kabisa. Msitu wenyewe unapumua mvuke mchana kutwa na mvuke huo unarudi kunyesha palepale au jirani.

Wajir iko kama nyuzi 1.7 kaskazini, na inapata kama milimita 300 na kitu. Kilichoharibu mpango ni pepo zetu mbili, kaskazi na kusi. Wavuvi wa Lamu hawahitaji kufundishwa hili. Kaskazi, Desemba hadi Machi, inatoka Arabia, nchi kavu, inafika na unyevu haba. Kusi, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, inatoka Bahari ya Hindi imejaa unyevu, ungedhani itatunyeshea. Lakini inavuma sambamba na pwani ya Kenya na Somalia, haiingii bara moja kwa moja, na inazidi mbio kadiri inavyokwenda kaskazini. Hewa inayoongeza mbio inatawanyika, na hewa inayotawanyika huvuta ya juu ishuke. Hewa ikishuka, mvua hakuna. Juu ya hayo, kusi inasukuma maji ya juu ya bahari yatoke pwani ya Somalia, maji ya baridi yanapanda kutoka chini kushika nafasi, na bahari ya baridi haitoi mvuke kama ya moto. Halafu kuna pengo kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, pale Turkana, ambapo upepo unabanwa na kutoka kwa kasi kama maji kwenye mdomo wa mpira wa bustani. Unapita na unyevu wake kwenda magharibi, Lodwar inabaki na vumbi.

Kusi ileile iliyopita Wajir bila kuacha kitu inakata kona juu ya Bahari ya Arabia na kuangukia India kama masika yao, Juni hadi Septemba. Inapogonga vilima vya Meghalaya hupanda ghafla na kumwaga. Cherrapunji ilipokea milimita 26,461 kati ya Agosti 1860 na Julai 1861, rekodi ya dunia kwa miezi kumi na miwili. Na huko huko Cherrapunji, wakati wa kiangazi, wanawake hubeba ndoo kutafuta maji, kwa sababu mvua yao nayo ni ya mkupuo na vilima haviyashiki maji. Njiani upepo huo unagusa milima ya Dhofar, Oman, na Salalah inakuwa kijani kwa ukungu na manyunyu ilhali Muscat inaungua. Wenzetu walioko huko wanaufahamu vizuri huo msimu wa kharif. Familia hupanda magari kwenda kuangalia majani.

Kuhusu Dodoma kuwa na msimu mmoja na pwani kuwa na misimu miwili: watabiri wetu husema "ukanda mvua", ule mstari ambapo pepo za kaskazini na za kusini zinakutana na hewa inapanda. Unalifuata jua kwa kuchelewachelewa. Tanga, Zanzibar na Arusha unawapitia mara mbili, ukishuka kusini unawapa vuli, Oktoba hadi Desemba, ukirudi kaskazini unawapa masika, Machi hadi Mei. Ninyi mko karibu na mwisho wa safari yake. Ukifika unakaa, unageuza, unaondoka, na mvua za kwenda na za kurudi zinaungana kuwa msimu mmoja. Tena mko kivulini: hewa ya bahari inapanda Uluguru, Ukaguru na Rubeho kabla ya kuwafikia. Miteremko ya mashariki ya Uluguru inapata zaidi ya milimita 2,000. Kinachovuka ng'ambo ni makombo. Na hapa kuna kitu kitakachomfurahisha mpwa wa mjomba: London nayo iko kivulini. Mvua ya Uingereza inatoka Atlantiki, upande wa magharibi, pale hewa ya baridi na ya joto zinapokutana. Vilima vya magharibi vinachukua fungu kubwa, hadi kupita milimita 3,000 mahali kama Seathwaite, na London iliyo kusini mashariki inapata masalio. Waingereza wenyewe huihesabu London kuwa miongoni mwa miji yao mikavu.

Tahadhari moja kabla hujaingia darasani. Hizi zote ni wastani, kwa kawaida wa miaka 30, na wastani wa nchi kavu unadanganya zaidi kuliko wa nchi ya mvua. London mwaka mbaya na mwaka mzuri hazipishani sana. Kwetu zinapishana vibaya. Vuli ya 2019, Bahari ya Hindi upande wetu ilipopata joto kupita kawaida, mafuriko yalikumba karibu Afrika Mashariki nzima. Kuanzia mwishoni mwa 2020 Kaskazini mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia wakakosa misimu mitano mfululizo. Herufi ya Köppen kwa Wajir haikubadilika hata siku moja katika muda huo, ng'ombe walikufa wakiwa ndani ya BWh ileile, yaani jangwa la joto.

Kuhusu neno "nusu jangwa", mimi nisingelitumia. Linamfanya mtoto adhani Dodoma iko njiani kuelekea Sahara. "Nusu ukame" linatosha, na ni kweli kwa hesabu mliyoifanya. Zabibu zenu zinazochumwa mara mbili kwa mwaka zinategemea ukavu huohuo, kwa sababu ugonjwa wa ukungu wa majani hauna nafasi.

Kazi ya nyumbani ya Jumatatu: wape wastani wa Mtwara, nyuzi 26, mvua kama milimita 1,000 na ushei, karibu yote ikianguka wakati wa joto. Kiwango chake kitatoka 800. Halafu wapime paa la mabati la darasa lenu, urefu mara upana, wazidishe kwa 570. Paa la mita mraba 80 litawapa lita 45,600. Mkuu wa shule akiuliza mnapanda juu ya dari kufanya nini, mwonyeshe hiyo namba, kisha muulize habari ya simtangi.